Kompyuta za kuunga mbona zinakufa Kigoma? Niunge yangu au ninunue Dell ya mtumba?

#1 Mgebuka Mkavu
Mwakeye wakuu.

Nina steshenari hapa Mwanga: fotokopi, kadi za harusi, barua za maombi ya kazi, na tangu mwaka jana nahariri video za harusi na kipaimara. Laptopu yangu imechoka. Video ya dakika 40 naiacha ijitengeneze usiku, asubuhi naikuta imeishia njiani na imejizima, moto kama pasi. Nimetenga milioni moja na laki sita. Monita ninayo.

Mdogo wangu aliye Dar anasema tuunge: prosesa (ubongo wa mashine) ya Ryzen 5 5600G, RAM ya GB 16, diski ya SSD ya GB 500. Vifaa atanunua Kariakoo, ataunga mwenyewe na kunitumia kwa basi. Upande wa pili kuna jirani yangu wa fotokopi mwenye Dell OptiPlex ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne. Anasema tangu ainunue haijawahi kuguswa na bisibisi.

Kinachonitia woga ni hiki. Ninazijua mashine tatu za kuunga hapa mjini: moja Katubuka, moja Gungu, moja ya shemeji yangu kule Mwandiga. Zote tatu zimekufa kabla ya kumaliza mwaka. Ya shemeji ilikuwa na tabia ya kuzima saa moja jioni kila siku, kama imeadhiniwa. Siku moja ikazima na haikuwaka tena. Dell za mtumba zinakula umeme huohuo na zipo. Sasa, Kigoma inazikataa mashine za kuunga, au ni sisi hatujui kuziunga?

#2 MwishoWaReli
Nunua Dell. Uzi umekwisha, tukalale.

#3 Fundi Bisibisi
Mleta uzi, hiyo ya Katubuka niliiunga mimi. Kwa mikono hii. Naomba nieleweke: haikufa, iliuawa. Mwenyewe aliiweka chini ya kaunta ubavuni mwa ndoo ya mawese, mtoto akaipiga teke ndoo. Nilipoifungua, mazabodi (ubao mkuu) nzima ilikuwa inang'aa kama chapati. Hapo utasema Kigoma imeikataa?

#4 Mgebuka Mkavu
Fundi, nisamehe, sikujua. Mimi nilisikia tu "imekufa". Basi zimebaki mbili.

#5 MwishoWaReli
Mawese yameua kompyuta. Hii ndiyo Kigoma ninayoijua.

#6 Binti Unyanyembe
Mwangaluka watani wa mwisho wa reli. Niko Tabora, Ipuli. Mashine yangu niliiunga 2020, Ryzen 5 3400G, na ndiyo ninayoandikia sasa hivi. Vumbi la Tabora mnalijua, la Oktoba ndiyo usiseme, na bado inapumua. Kila baada ya miezi mitatu naitoa nje chini ya mwembe na kuipuliza. Feni nazizuia kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza.

Kwa hiyo kuunga kwenyewe hakuna ubaya. Mgebuka, hiyo ya shemeji ilikuwa na pawa saplai (boksi la ndani linalogawa umeme) gani? Usiniambie wati ngapi. Niambie imeandikwaje.

#7 Mgebuka Mkavu
Dada, ninachokumbuka ni stika kubwa "500W" na feni yenye taa za bluu. Nitamuuliza.

#8 Solda Moto
Binti kagusa penyewe. Niruhusuni niandike kidogo kwa kirefu.

Ukiipindua pawa saplai utaona stika yenye jedwali. Watu wote macho yanakimbilia wati. Tazama mstari wa juu kabisa, ule wa umeme unaoingia. Kuna zilizoandikwa 100–240V, na kuna zilizoandikwa 200–240V au 230V peke yake. Hizi za bei poa zenye taa za disko nyingi ni kundi la pili.

Umeme wetu kwa karatasi ni voti 230. Saa moja jioni kila nyumba imewasha taa, TV, friji, pasi, na ukiwa mbali na transfoma unaweza kukuta mia na themanini na kitu. Iliyoandikwa 100–240 haijali, hata 120 ingefanya kazi. Iliyoandikwa 200–240 inaanza kuhema. Ukiwa unatengeneza video na prosesa inavuta kwa nguvu zote, inashindwa na kuzima. Ikizimishwa hivyo kila siku, kapasita (vikopo vya ndani vinavyotunza umeme) zinachoka, mwisho zinavimba kama andazi.

Sasa Dell na HP za ofisini zimetengenezwa ziuzwe dunia nzima, Marekani kwenye voti 120 na Uingereza kwenye 230, kwa hiyo pawa saplai yake inameza zote. Ndiyo siri ya jirani yako. Siyo kwamba Dell ina baraka. Ukiunga kwa pawa saplai ya aina hiyohiyo, inadumu vilevile.

#9 Binti Unyanyembe
Nakazia #8. Yangu ni 100–240 na ndicho kifaa nilichokilipia kwa uchungu kuliko vyote. Duka lilikuwa na ya nusu bei, muuzaji akanicheka kwamba nanunua bati.

#10 Mzee wa Ujiji
Vijana, hamjambo. Solda, umeeleza vizuri ila hapo pa "Dell zote zinameza" punguza. Mwanangu alinitumia Dell kutoka Marekani, zamani kidogo, ya rangi nyeusi na kijivu. Nyuma karibu na tundu la waya ilikuwa na kiswichi kidogo chekundu. Sikukijali. Nikatafuta adapta ya kubadili plagi, nikachomeka, nikabonyeza. PAH! Moshi mweupe ukatoka na harufu kama ya samaki aliyeungua magamba. Mama yenu alikuwa jikoni, akauliza nimepika nini.

Kile kiswichi kilikuwa kimewekwa 115. Kilitakiwa kusukumwa kwenda 230 kabla ya kuchomeka. Mashine ya kiwandani, haikuungwa na mtu wa Katubuka wala wa Kariakoo, na ilidumu sekunde moja.

#11 Solda Moto
Shikamoo mzee. Uko sahihi, nimekosea kusema zote. Za zamani zilikuwa na hicho kiswichi, na hata baadhi ya za bei nafuu zinazouzwa leo bado zinacho. Mashine yoyote mkiinunua, mpya au mtumba, pitisheni kidole nyuma kwanza.

#12 MwishoWaReli
Mzee kapika OptiPlex 😂😂 naweka kigoda hapa, uzi umenoga.

#13 Kondakta Mstaafu
Wote mnaongelea umeme. Mimi nimefanya kazi ya vifurushi vya mabasi miaka sita na ninawaambia mashine nyingi zinakuwa zimeshakufa kabla hazijaonja umeme wa Kigoma.

Kompyuta ikitoka Dar inakuja zaidi ya kilometa 1,200. Imeandikwa DHAIFU kwa maka peni nyekundu. Mpakiaji anasoma, anatikisa kichwa, kisha anaweka juu yake gunia la vitunguu. Ndani kuna feni ya prosesa yenye bati zito limening'inia kwenye mazabodi, kuna kadi ya grafiki imeshikwa na skrubu moja. Kila tuta, kila shimo, vinanesa. Inafika, inawaka, mnashangilia. Baada ya miezi mitatu mguso uliokuwa umelegea unaachia, mnasema ni umeme.

Mwambie mdogo wako atume vifaa kwenye maboksi yake, viungwe hapahapa. Asipoweza, mashine isafiri imelala kwa ubavu ili mazabodi iwe chini kama meza, kadi ya grafiki itolewe, ndani ajaze sponji. Na usisahau kuitoa sponji kabla ya kuwasha, maana hilo nalo nimeliona.

#14 Fundi Bisibisi
Viungwe hapahapa! Nakazia, nakazia.

#15 Binti Unyanyembe
Fundi unanusa riziki 😄

Kondakta, hoja yako naikubali kwa mashine zenye mabati makubwa. Lakini 5600G inakuja na feni yake ndogo ndani ya boksi, haina uzito wa kung'oa kitu. Na hana kadi ya grafiki, hiyo prosesa ina grafiki yake. Halafu safari ingelegeza kitu, mashine ingezima ovyo, asubuhi, mchana. Ya shemeji inazima saa moja tu. Tuta gani hilo linalojua saa?

#16 Kondakta Mstaafu
Saa moja ndiyo muda ambao mashine imeshafanya kazi kutwa nzima, imepata joto, bati limetanuka, mguso unaachia. Nimemaliza.

#17 Solda Moto
Hapo naye kasema kitu, siwezi kumkatalia.

#18 Chuma Chakavu
Mnamzungusha mleta uzi na umeme, mimi niongelee pesa. Mgebuka, usinunue i5 ya kizazi cha nne leo hii hata uuziwe kwa bei ya mgebuka.

Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel kuanzia kizazi cha nane na usalama wa TPM 2.0 ndani ya mashine. Utaiwekea kwa ujanja, ndiyo, wengi wanafanya, ila ni kukaa kwenye nyumba isiyo na hati. Pili, wewe ni mtu wa video. Simu na kamera nyingi sasa zinarekodi kwa mfumo wa kubana video wa H.265, na kizazi cha nne hakina sehemu ya kuifungua hiyo ndani ya grafiki yake. Prosesa itabeba mzigo wote kwa misuli. Utarudi palepale pa kulala na video.

Mtumba wa kutafuta ni wa kizazi cha nane: OptiPlex 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4. i5-8500 ina kiini sita na H.265 inaisoma vizuri. 5600G nayo ina kiini sita ila kila kimoja kinashika kazi mbili, kwa hiyo ina kasi zaidi. Ila mtumba utakubakizia chenji ya kununua UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na hadi diski ya kuhifadhi harusi za watu.

#19 Mgebuka Mkavu
Asante Chuma. Hilo la H.265 limenigusa, maana bwana harusi wa juzi kaniletea video za simu na laptopu ikazionyesha kama picha za mnato.

#20 Lumpungu
Mnasema Windows, Windows. Wekeni Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Mashine ya kizazi cha tatu kwangu inaruka kama swala.

#21 Chuma Chakavu
Na kadi za harusi anatengenezea wapi, kwenye ungo?

#22 Lumpungu
Inkscape ya kuchora ipo, Kdenlive ya video ipo, DaVinci Resolve nayo ya video ina toleo la Linux. Watu tunafanyia kazi humo. Ungo utapepetea wewe dharau zako.

#23 Kamera Moja
Lumpungu usikasirike, ila DaVinci ya bure kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265, lazima uzibadili kwanza kila klipu. Nililia siku nzima kabla ya kuligundua hilo. Kdenlive sawa, inafungua.

#24 Lumpungu
Hapo umenipata. Natumia Kdenlive.

#25 Dada wa Manyovu
Nami niulize, maana nauza vifaa na wateja wangu wengi wanatoka Burundi. Wao wanataka kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A-Z-E-R-T-Y. Mtumba unaoletwa kwetu karibu wote ni QWERTY. Ya mezani sina shida, nabadilisha kibodi pekee. Laptopu ndiyo inanilaza na mzigo. Kuna mwenye njia?

#26 Fundi Bisibisi
Dada, ndani ya Windows unaongeza lugha ya Kifaransa, kisha unabandika stika za herufi juu ya vitufe. Baada ya miezi michache zinabanduka, ila atakuwa ameshazizoea.

#27 Mtoto wa Bangwe
Nije na aibu yangu, labda itamsaidia mleta uzi. Niliunga yangu nikajiona injinia. Nikanunua Core i5-12400F kwa sababu ilikuwa na bei nzuri kuliko 12400 ya kawaida. Nikaunga usiku kucha, video za YouTube pembeni. Feni zinazunguka, taa zinawaka, monita nyeusi. Nikatoa RAM nikaisugua kwa kifutio. Nyeusi. Nikabadilisha kebo. Nyeusi. Siku mbili sijala vizuri, namlaani muuzaji na mazabodi yake.

Siku ya tatu nikaenda kwa fundi mmoja, akasoma boksi, akaniuliza kwa upole: "Hii F unaijua?" Kumbe F maana yake prosesa haina grafiki ndani. Bila kadi ya grafiki hakuna picha, milele. Ofa yote niliyookoa ikaenda kwenye kadi, na juu yake tena.

#28 MwishoWaReli
F ni ya Fedheha 😂

#29 Mtoto wa Bangwe
Nicheke tu mkuu, sasa nimepoa.

#30 Mgebuka Mkavu
5600G haina F, nimeshaangalia mara tatu baada ya kusoma #27.

#31 Fundi Bisibisi
Sasa mniruhusu niwatetee wa kuunga kidogo, maana Dell inapigiwa debe bure. Mashine ya kuunga inatumia kiwango cha ATX, kipo tangu 1995: skrubu mahali palepale, na siku hizi plagi ya pini 24. Kifaa kikifa, kesho nakupachikia cha mtu mwingine. OptiPlex nyingi kuanzia kizazi cha nne zina plagi yake ya pini 8 au 6 kwenye mazabodi, HP nazo zina ya kwao. Pawa saplai ikifa hapa Kigoma utaipata wapi? Utasubiri basi la Dar au Mwanza. Mteja wangu mmoja kakaa wiki tatu akiandika risiti kwa mkono.

Na ukinunua lile boksi jembamba la kulaza chini ya monita, ujue umeoa. Kadi ya grafiki ya kawaida haiingii, unatafuta fupi, na pawa saplai yake ni wati mia mbili na kitu. Kama ni Dell, basi chukua ile ndefu ya mnara.

#32 Chuma Chakavu
Sahihi, ila ongeza: OptiPlex 7010 ya mnara, ile ya kizazi cha tatu, bado ilikuwa na pini 24 za kawaida. Na waya wa kubadilisha kutoka 24 kwenda 8 unauzwa, siyo mwisho wa dunia.

#33 Fundi Bisibisi
Unauzwa wapi Kigoma?

#34 Chuma Chakavu
…

#35 Asali Mbichi
Niko Tabora, Cheyo. Mtumba una mambo yake ambayo hayajasemwa. Nilinunua HP dukani mjini humu, nikaiwasha pale, ikawaka, nikalipa. Kufika nyumbani nataka kuweka Windows kwa flashi, inaniomba nywila ya BIOS (mipangilio ya ndani inayotangulia Windows). Imetoka ofisi fulani Ulaya na kufuli lao. Muuzaji akasema "mbona ilikuwa inawaka?" Ndugu zangu, kabla ya kulipa, ingieni BIOS palepale dukani na mdai risiti ya EFD. Bila hiyo risiti nilikuwa nabishana na upepo.

#36 Solda Moto
Kwa Dell za mezani kuna kijumpa (kifuniko kidogo cha pini) kwenye mazabodi kimeandikwa PSWD, unakitoa, unawasha, nywila inafutika. HP kadhaa za mezani nazo zinacho. Laptopu ndizo ngumu.

Na mtumba ukiona saa inarudi miaka ya nyuma na tovuti zinagoma kufunguka, usipigie mtu simu. Ni betri ya CR2032, ile ya mviringo kama shilingi. Badilisha.

#37 Kamera Moja
Nirudi kwenye mada. Mgebuka, nadhani "ya Gungu" unayoisema ni yangu. Wanapiga chuku tu, ilikufa ikafufuka. Na niwaharibie nadharia: pawa saplai yangu imeandikwa 100–240V, ni nzito, niliinunua kwa kujinyima. Nayo ilikuwa inazima! Siyo saa moja tu, kila umeme ukikatika, pamoja na kuwa na UPS. UPS inalia pii, mashine inazima papo hapo kama vile UPS haipo.

Nilichokuja kuelezwa: UPS nyingi za bei ya chini zikihamia kwenye betri hazitoi wimbi laini kama la umeme wa ukutani, zinatoa la ngazingazi. Pawa saplai nzuri za siku hizi zina saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme, na baadhi yake hazipatani na wimbi hilo. Niliazima kwa jirani mashine yake yenye pawa saplai ya bei rahisi, nikaichomeka kwenye UPS ileile: haikuzima. Ya rahisi ikaishi, ya ghali ikazima. Haya, Solda, tafsiri.

#38 Solda Moto
Naamini kabisa. Inawezekana pia UPS ilikuwa ndogo. UPS iliyoandikwa 650VA usidhani ni wati 650, ni kama wati 360 hivi, na betri ikizeeka hata hizo hupati.

#39 Kamera Moja
Monita sikuwa nimeichomeka humo. Mashine peke yake.

#40 Solda Moto
Basi ni wimbi.

#41 Mtoto wa Bangwe
Au betri.

#42 Mzee wa Ujiji
Au mjusi. Msicheke. Mashine yangu ya pili, baada ya ile niliyoipika, ilizima jioni moja na harufu ileile. Kijana akaifungua, mjusi kafiri amekauka katikati ya nyaya, mkia huku, kichwa kule. Jioni taa ikiwaka wadudu wanafuata mwanga, mjusi anafuata wadudu, ndani ya kompyuta kuna joto zuri. Nyuma yake kulikuwa na tundu moja limekosa bati la kuziba, la kadi ambayo haikuwepo. Kaingilia pale. Za kiwandani matundu yote yameziba. Za kuunga, mafundi mnayatoa mabati na kuyatupa.

#43 Fundi Bisibisi
Mzee shikamoo. Mabati huwa tunamrudishia mteja.

#44 MwishoWaReli
Kwa hiyo mpaka sasa wauaji ni: mawese, umeme, gunia la vitunguu, wimbi na mjusi. Bado mchawi hajatajwa.

#45 Asali Mbichi
Tusubiri usiku usogee.

#46 Chuma Chakavu
Jambo la bei, Mgebuka, kabla hujamjibu mdogo wako: hiyo hesabu ya milioni na laki sita aliifanya lini? RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025. Vituo vya data vya akili mnemba vinazoa chipu zote. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na kuuza Crucial kwa watumiaji wa kawaida kama sisi. Mashine ya mtumba inakuja na RAM yake ndani, na hapo ndipo mtumba unapoishinda ya kuunga kwa sasa. Mwaka 2023 ningekwambia unga.

#47 Mgebuka Mkavu
Mdogo wangu kaleta bei mpya baada ya #46. RAM peke yake imeongeza laki na zaidi. Kanyamaza kidogo, halafu kasema "tuweke 8 kwanza".

#48 Binti Unyanyembe
8 kwa video? Usikubali. Na 5600G inachota RAM hiyohiyo kwa ajili ya grafiki yake. Kama ni lazima 16, ziwe vipande viwili vya 8, kisiwe kimoja, grafiki ya ndani inapata kasi zaidi zikiwa mbili. Kama haifiki, basi chukua mtumba wa kizazi cha nane, kaa nao mwaka mmoja, hela ikipatikana uunge.

#49 Mgebuka Mkavu
Wakuu, nimerudi na vipimo. Nimeazima kwa Fundi Bisibisi multimita (kipima umeme), asante Fundi. Kwangu Mwanga saa sita mchana: voti 224. Saa moja na dakika tano jioni: 187. Kwa shemeji Mwandiga jioni: 176.

#50 Solda Moto
Nilisema! #8 someni tena!

#51 Kondakta Mstaafu
Umepima umeme. Umepima barabara?

#52 Fundi Bisibisi
Mimi hizo namba hazinishangazi, ila mbona mashine niliyoiunga pale Lumumba ina pawa saplai ya 200–240 na ina miaka minne haijazima? Labda yuko karibu na transfoma. Labda hatengenezi video. Siwezi kusema ni hilo tu.

#53 Mgebuka Mkavu
Subirini kuna zaidi. Jana nimeenda kwa shemeji tukaitoa ile pawa saplai iliyokufa, yenye taa za bluu. Stika: 200–240V, 500W, kama Solda alivyosema. Tundu la nyuma ya kesi liko wazi, kama mzee alivyosema. Mjusi hayupo, ila kuna mabawa ya kumbikumbi ya kutosha kujaza kiberiti. Na mguu mmoja wa feni ya prosesa umeachia, kama Kondakta alivyosema. Kwa hiyo mmeshinda wote na sijui nimlaumu nani.

#54 Solda Moto
Usiifungue hiyo pawa saplai yenyewe! Kapasita za ndani zinabaki na umeme hata ikiwa haijachomekwa.

#55 Mgebuka Mkavu
Sijaifungua. Nimeibeba nikapita nayo Kibirizi kwa rafiki yangu muuza dagaa, nikaomba mizani. Ya shemeji yenye 500W: gramu 780. Tukatoa ya jirani kwenye Dell, imeandikwa wati 290 tu: kilo moja na gramu 600 na kitu. Yenye wati karibu nusu ina uzito mara mbili. Wauza dagaa wote walisogea kuangalia, mmoja akauliza kilo shilingi ngapi.

Nimemtumia mdogo wangu picha ya mizani. Nimemwambia aulize bei ya 7060 ya mnara, na aulize pia bei ya kuunga ila pawa saplai aipime kabla ya kulipa. Atakayejibu kwanza ndiye nitakayemsikiliza.

#56 Chuma Chakavu
Picha ya mizani iweke hapa, uzi bila picha haunogi.

#57 MwishoWaReli
Mizani ya wapi, Kibirizi? Hiyo nimeshanunulia dagaa kilo mbili, nikafika nyumbani na moja na robo. Pimeni upya.